Kimya Alichokisifu

Kila asubuhi mwalimu wa kutafakari huuzuia mlango wake kwa kiti usijifunge, ndipo huketi kwenye mto na kufumba macho. Amefundisha njia ya Buddha tangu ujanani, na kitabu chake kinasifu kimya. Mkewe alikuwa akimtania, "Wewe hata nyumba ikiungua, utavuta pumzi kwanza!"

Siku mkewe alipozidiwa, yeye alikuwa amejifungia na wanafunzi katika mafungo ya kimya. Jirani alikuja mbio, lakini mwanafunzi wa mlangoni aliweka kidole mdomoni, akamwonyesha benchi. Kengele ya kumaliza ilipolia, mama wa watu alishakata roho.

Mpwa wake, anayemchapia kitabu cha pili, alimuuliza, "Mjomba, ukikaa pale unapata utulivu?"

"Sipati, mwanangu. Nakaa kwa sababu sijui kazi nyingine."