Sina Pumu, Daktari

Kwetu Somanga, maradhi yaliyokwisha ondoka hayatajwi. Ukiyataja yatadhani umeyaita. Marehemu mama yangu aliishika kanuni hii kwa uthabiti kuliko alivyoishika saumu, kwa hiyo pumu iliponiacha nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, jina lake nalo lilifukuzwa nyumbani. Nilioa bila kumwambia mke wangu. Mtu hamwelezi mkewe kuhusu mgeni aliyekwisha aga.

Na pumu ile ya ujana ilikuwa na adabu zake. Ilibisha hodi. Kifua kilipiga filimbi mpaka jirani wakasikia, nikainama nimeshika magoti, nikakimbizwa zahanati kuchomwa sindano, na kesho yake nikacheza mpira. Hakuna aliyehitaji kusomea udaktari ili kuitambua.

Nilipofika miaka sitini na tatu nikaambiwa nina presha ya macho. Daktari wa macho huko wilayani, binti wa rika la kitindamimba wangu, alinipa shikamoo, akaniandikia matone, kisha akauliza, "Baba, una pumu?"

"Sina."

"Hata zamani hukuwahi kuwa nayo?"

"Sina, mwanangu."

Nilijibu kwa sauti kavu ya mwalimu mstaafu, yule yule aliyewaandikia watoto wa watu ubaoni kwa miaka thelathini: mficha maradhi, kifo humuumbua. Wengi walikosea tahajia, nikawachapa.

Matone niliyatia asubuhi na jioni bila kukosa. Macho yakatulia, kifua kikaanza vituko. Lakini hakikupiga filimbi, na hapo ndipo kiliponipata. Nilikuwa na kikohozi kikavu tu, na uchovu usio na kazi. Kile kijilima cha kutoka barabara kuu hadi msikitini nikawa nakipanda kwa vituo, nikisimama katikati na kujifanya nahesabu malori ya Lindi. Kamba za viatu nilizifunga kwa awamu mbili. Wazee wenzangu walifurahi kupata mwenzao. "Karibu uzeeni," wakaniambia, nami nikakaribia.

Kilichonitia hofu ni adhana. Nilikuwa mwadhini wa msikiti wetu mdogo kwa miaka kumi na mitano, kwa koo langu mwenyewe, bila kipaza sauti, na sauti ile niliipenda pengine kuliko inavyomfaa mja. Sasa ilianza kukatika. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikwisha tafuta kipaza sauti na alikisifia kila baada ya swala huku akinitazama kwa huruma ambayo sikumwomba. Alfajiri moja, katikati ya "Hayya alal-falah", pumzi ikaniishia. Nikakohoa mbele ya Mola na kijiji kizima. Shemeji akamalizia.

Mke wangu akanipeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tabibu alipouliza kama nimewahi kuugua pumu, nilianza kusafisha koo.

"Anayo tangu utotoni," mke wangu akasema. "Mama mkwe aliniambia wiki ya harusi, akaniapisha nisimwambie mume wangu kwamba najua."

Miaka thelathini na minane tulikuwa tumefichana jambo ambalo sote tulilijua. Tabibu alitutazama wote wawili, kisha akaomba kuona dawa zangu zote. Alipofika kwenye matone akayaweka kando.

"Haya hubana kifua cha mwenye pumu, mzee. Usiyatie tena, nazungumza na daktari wa macho leo hii upewe mengine. Na pumu ya ukubwani si lazima ipige filimbi. Inaweza kukohoa tu, au kuchosha, watu wakasema ni umri."

Nilingoja sindano kama zamani. Nikapewa pampu ya kuvuta asubuhi na jioni, niugue nisiugue. Vidole vyangu vina baridi yabisi, kwa hiyo nilibonyeza wakati mmoja na kuvuta wakati mwingine, dawa ikatibu masharubu. Nesi akaniunganishia chupa kubwa ya plastiki: dawa inaingia humo kwanza, nami navuta taratibu. Mke wangu akasema sasa nanyonya. Nesi akasisitiza nisukutue kinywa kila nikimaliza, nisije nikaota utando mweupe ulimini. "Utakumbuka, babu?" Ananiuliza mimi, mtu wa udhu mara tano kwa siku! Navuta, kisha natawadha.

Pumzi imerudi, ila si yote. Tabibu alisema mapafu nayo yamezeeka, na kwamba kifua cha pumu hubana zaidi kabla ya kupambazuka. Adhuhuri hadi Isha nimebaki nazo. Alfajiri nimemwachia shemeji.

Siku ya kwanza nilikaa kitandani na chupa mdomoni nikamsikiliza. Aliadhini vibaya, kwa haraka, kipaza kikikwaruza. Nikangoja kusikia kijiji kikiendelea kulala kwa kunikosa. Milango ikaanza kufunguka, ndoo zikagongana, kandambili zikapita dirishani kwangu, nyingi kama za jana. Hakuna aliyeuliza sauti yangu iko wapi. Niliumia sana, na hilo silifichi.

"Amka basi," mke wangu akasema, "safu ya mbele inajaa."