Aliyemimina Chai Matangani

Kwetu, msiba ukitokea, makochi hutolewa sebuleni na godoro hutandikwa sakafuni. Mfiwa hukaa hapo. Hapiki, hafungui mlango, hampi mtu maji. Mume wangu alipofariki, akina mama walinikalisha godoroni, wakaniegemeza mabegani mwao, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa mabega yale. Hata hapa Toronto, katika maghorofa ya Regent Park, desturi hiyo hatukuiacha. Makochi husimamishwa kwenye korido, na majirani wamezoea.

Ndiyo maana simsahau mwanamume aliyekuwa akimimina chai.

Yeye na mwenzake walitoka Kivu kama sisi, wakaishi miaka mingi juu ya nyumba yangu. Tuliwaita "wale ndugu." Walikuja kusali nasi katika jumuiya yetu ndogo ya Wakatoliki. Mmoja aliimba besi, na mwenzake, ambaye hakuwahi kuimba, alimtania ibada ikiisha: "Leo umetungurumia kama friji mbovu."

Moyo wa mwimbaji ukasimama ghafla, tukakusanyika kwao. Godoroni aliketi dada wa marehemu aliyetoka Montreal, ambaye hakuwa ameonana na kaka yake muda mrefu. Yule aliyebaki alishika birika. "Sukari, mama? Maziwa?" Tulimpa pole kama ile anayopewa ndugu wa mbali. Aliponifikia, kikombe kilijaa, chai ikafurika kwenye kisosi, naye akaendelea kumimina, macho yake yakiwa godoroni. Nikajua.

Majuzi mjukuu wangu, anayesoma chuo kikuu, alikuja kula sombe, kisamvu cha kwetu. Mimi huuliza kwa Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiingereza, na tunaelewana. Alikuwa akimalizia utafiti kuhusu wanaume wanaoishi pamoja kama wenzi, na jinsi mmoja anavyoishi mwingine akifa.

"Matokeo yanatia moyo, Bibi. Karibu wote wanasema watu wao waliwashika mkono wakati wa msiba."

"Uliwapata wapi?"

"Kwenye vyama vyao, kliniki, mitandaoni. Tuliweka matangazo, wakajitokeza."

"Na yule anayepita mbele ya tangazo lako kama halioni, kwa kuogopa anayetembea naye?"

Akaacha kutafuna. "Huyo hayumo."

"Na matokeo yatasema nini juu yake?"

"Kwamba alifarijiwa." Akasukuma sahani. "Msimamizi wangu alinionya. Sampuli yangu imelalia upande mmoja. Bibi, kuna mtu unamjua?"

Juu ya dari nyayo zilivuka sebule, kisha zikarudi. Ni za mtu mmoja tu. Lakini tangu msiba ule kuna saa nazisikia za wawili, nami hushika rozari mpaka zinyamaze.

"Jina halitaandikwa," akabembeleza. "Nionyeshe tu mlango."

"Ukigonga mlango mmoja katika jengo hili, lifti nzima itajua kabla hujafunguliwa."

Kesho yake nilipanda na bakuli la sombe. Nimekuwa katekista muda mrefu. Mafundisho ya Kanisa nayajua, na sikwenda kubishana nayo. Nilikwenda kwa mfiwa. Nilimweleza alichokuwa anaandika mjukuu wangu, na kwamba kuandikwa au kutoandikwa ni uamuzi wake mwenyewe.

Alisikiliza akiwa amesimama, birika mkononi.

"Ati tulifarijiwa? Mama, jumuiya ndiyo ukoo niliobaki nao hapa. Nikisema, nani atakuja kusali kwangu?"

"Sijui, mwanangu. Siwezi kukudanganya."

"Basi asiniandike. Lakini asiandike pia kwamba nilifarijiwa."

Neno hilo nililifikisha bila kutaja mlango. Mjukuu wangu aliandika upya: kwamba utafiti wake unawasema waliojitokeza tu, na kwamba juu ya wasiojitokeza hana anachokijua. Msimamizi alimwambia sasa matokeo yake yamekuwa madogo. Akamjibu kwamba hicho ndicho kimo chake halisi.

Lakini siku ile ya bakuli la sombe, kabla sijashuka, nililiona lile godoro. Lilikuwa bado limeegemezwa nyuma ya mlango, lilipoachwa tangu matanga. Nikalivuta, nikalitandika katikati ya sebule.

"Keti."

"Mama, chai itapoa."

"Nitamimina mimi. Keti."

Nikamnyang'anya birika. Akaketi taratibu, kama mtu asiyeamini kwamba pale ni mahali pake. Nikamimina chai, kisha nikashuka sakafuni kando yake, magoti yakinilalamikia, nikampa bega. Halafu akaanza kuimba, polepole, sauti ya besi ya wimbo wa komunyo. Alikuwa akiipotosha vibaya.

"Unanguruma kama friji mbovu," nikamwambia.

Akacheka mpaka kifua kikatetemeka, na humo humo katika kicheko kilio kikatoka. Bega langu lililowa. Hakuna aliyegonga mlango, na chai ikapoa.