Tanki la Mama, Nguzo ya Bahari

Kule Kinoo nilikozaliwa tulikuwa na tanki la maji ambalo halikuwa letu. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na paa la nyasi halikusanyi maji, linakusanya panya. Jirani alikuwa na mabati, lakini shamba lake limeinama, tanki lingebingirika hadi barabarani. Basi likakaa kwetu, juu ya mawe aliyoyapanga mama kwa mikono yake, na mfereji wa bati ukavuka ua kuleta maji. Wakachota wao, tukachota sisi. Mama alikwaruza alama ndani kwa msumari: maji yakishuka hapo, hakuna kufua, ni kunywa tu. Mimi nilifua shati. Nilichapwa, tena na jirani pia, maana hata viboko tulishirikiana.

Hiyo hadithi nilimpa mwenzangu pale River Road, miaka ya baada ya elfu mbili, simu za mkononi zilikuwa zimeshaanza kutusumbua. Tulikuwa na kibanda kimoja na mashine moja ya kuchomelea vyuma. Yeye kwao ni magharibi, kando ya mto mkubwa, kiu hawaijui. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaani mlikuwa mnachungulia tanki kama kuku!"

Siku moja akaja mama mmoja injinia kutoka ofisi ya Kilimani. Alitaka mfano mdogo wa nguzo za kusimamishwa baharini: moja ya pangaboi la kuzalisha umeme kwa upepo, nyingine ya maboya ya kuvuna nguvu ya mawimbi. Fundi atakayeelewa kazi vizuri, akasema, ataandamana nayo hadi Mombasa kuwaeleza watu wa huko. Moyo wangu ukaruka. Sikuwa nimewahi kuona bahari.

Nikamuuliza mwenzangu, "Nguzo mbili za nini? Si zikae zote kwa moja?"

"Wewe bahari umeiona wapi?"

"Kwa kalenda ya kinyozi. Lakini tanki nalijua."

Nikachomelea nguzo moja. Juu pangaboi, chini maboya, waya mmoja wa kupeleka umeme nchi kavu, na pete za wakulima wa mwani kufungia kamba zao. Pete sita, basi. Ya saba niliikataa, bahari nayo ipumue. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yangu ya msumari. Tukaisimamisha ndani ya karai la maji, nikalitikisa, ikasimama.

"Utaongea wewe," mwenzangu akaniambia. "Mimi nitanyamaza kama maiti."

Nilipiga koti pasi. Mfano niliubeba mimi begani hadi ofisi ya Kilimani, maana yeye alisema mgongo unamuuma.

Injinia aliuzunguka mara mbili, akagusa zile pete. "Hii ya kushirikiana nguzo moja ni akili ya nani?"

Nikakohoa kusafisha koo. Mwenzangu akaniwahi.

"Ni ya mamangu, madam."

Akasimulia yote. Paa la nyasi, mawe, mfereji, alama ya msumari. Hata viboko vyangu alichapwa yeye. Alipofika kwa shati akafuta jicho, na nilitazama vizuri, lilikuwa chozi la kweli.

"Pole sana," injinia akasema. "Mombasa utawasimulia hivyo hivyo. Na huyu mzee?"

"Huyu? Ananisaidia kubeba."

Nililetewa chai. Angeiba nguzo ningenyamaza, chuma ni chuma, mtu huchomelea kingine. Lakini mama alikuwa amezikwa hatua chache kutoka kwa yale mawe, na huyu mtu alikuja mazishini, akashika sepetu.

Niliweka kikombe chini bila kukionja, nikainuka.

"Unaenda wapi, mzee?" mwenzangu akaniuliza, kwa upole kabisa.

"Nakuja."

Nikashuka ngazi, nikashika barabara ya Waiyaki Way kwa miguu mpaka nyumbani Kinoo. Nyundo yangu, miwani ya kuchomelea na kofia vilibaki River Road. Sikurudi kuvichukua.