Asubuhi Niliyomtukana Mama Mkwe

Nilipata kisukari nikiwa na miaka kumi na tisa, kile cha vijana, ambacho bila insulini mtu hafiki mbali. Mpaka nafanyiwa upasuaji wa tumbo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa nimejidunga kila asubuhi kwa miaka minane bila kuruka hata siku moja, na kwa jambo hilo nilikuwa na majivuno ya kijinga. Kichupa changu cha insulini nilikihifadhi, kisipate joto, ndani ya chungu kilichozikwa hadi shingoni kwenye mchanga nilioumwagia maji, uani kwetu Ngokolo. Bomba la sindano, la kioo, nililichemsha mwenyewe. Mke wangu alikuwa akisema nalibembeleza bomba lile kuliko yeye.

Kilichonipeleka kwenye kisu ni mawe katika kifuko cha nyongo. Mke wangu alikuwa na kichanga cha wiki mbili, kwa hiyo aliyenifuata hospitali ya misheni kunipikia ni mama yake, aliyekuwa amekuja kutoka Geita kumtunza mzazi. Kwetu Usukumani, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na jina lake hulitaji. Katika miaka sita ya ndoa nilimfahamu mama yule kwa sauti na kwa visigino. Pale hospitali alipika, akampa chakula mke wa mgonjwa wa kitanda cha pili aniletee, kisha akakaa nje chini ya dirisha langu, mgongo ukutani, akisikiliza kama natafuna.

Jioni ya kuamkia upasuaji daktari alinieleza polepole, kama anayejua kwamba anaongea na mbishi.

"Kesho usile kitu. Na usijidunge. Nitakuja mwenyewe nikuwekee dripu ya maji ya sukari, ndipo nikupe insulini, nusu ya unayoizoea. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa, na kweli nilielewa. Lakini kulipokucha, bomba langu na kichupa vikiwa ndani ya mfuko, mazoea yakanishinda. Nilijiambia kwamba daktari ana wagonjwa wengi, mimi nina mwili mmoja. Nikajidunga dozi nzima, tumbo tupu, nikalificha bomba chini ya mto. Ujuaji wangu ndio huo.

Yaliyofuata siyakumbuki. Nimesimuliwa na jirani yangu wa kitanda, mfugaji wa ng'ombe ambaye aliifurahia habari ile kupita kiasi. Anasema nilianza kutoka jasho mpaka shuka likalowa. Kisha nikainuka, nikachungulia dirishani, nikamwita mama mkwe kwa jina alilopewa na wazazi wake, nikamwambia, "Umekaa hapo kama gunia la pamba. Nenda kaniletee ugali."

Nesi aliyekuwa anapita alisema wengi huropoka wakikiogopa kisu, akaendelea kuandaa machela ya kunipeleka chumba cha upasuaji.

Mwanamke mwingine angejifunika kanga akaenda zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Mama mkwe alisimama, akazunguka jengo, akaingia wadini kwa mlango mkubwa, akaja moja kwa moja mpaka kitandani kwangu.

"Nesi," alisema, "huyu anaumwa."

"Tunajua, mama. Ndiyo maana anapasuliwa."

"Siyo huo ugonjwa. Mkwe wangu ana adabu. Miaka sita sijamsikia hata akikohoa mbele yangu. Huyu leo hana adabu, basi sukari imemwishia mwilini. Binti yangu aliniambia, akianza kuongea ovyo, apewe sukari."

Nesi akamweleza kwa upole kwamba haiwezekani, kwa kuwa sijapewa dawa yoyote asubuhi ile. Mama, aliyejua kwa binti yake kwamba sitengani na bomba langu, akainua mto. Bomba lilikuwa bado lina unyevu.

Hapo nesi alikwenda mbio. Daktari akaja, akanidunga maji ya sukari kwenye mshipa, nami nikarudi duniani taratibu. Kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wa mwanamke nisiyemjua, amenishika mkono kwa nguvu ili sindano isichomoke. Nikamwambia, "Shikamoo, mama. Wewe ni nani?" Aliniachia mkono, akageuka, akatoka nje bila kuitikia.

Daktari hakunifokea, na afadhali angefoka. "Ningekupiga nusukaputi," alisema, "na mtu aliyelala hatoi matusi. Tena ningekuongezea insulini juu ya hiyo uliyojipa. Usingeamka." Niliona aibu, kisha nikaogopa kweli, kwa mara ya kwanza tangu nifike pale.

Nilipasuliwa mchana. Kabla na baada yake nesi yule yule alinipima sukari kwa kuchemsha matone ya mkojo wangu na dawa ya buluu kwenye neli ya kioo, juu ya taa ya spiriti, akitazama kama dawa inageuka kijani au, Mungu apishe mbali, rangi ya tofali, dalili ya sukari nyingi. Kwa rangi hizo daktari alinipimia insulini kidogo kidogo kwa siku tatu. Nawashukuru wote wawili kila niligusapo kovu langu. Lakini wao waliniokoa baada ya kuambiwa.

Nilipotoka hospitali nilitoa mbuzi wa kusafisha kosa, kama desturi inavyotaka. Mama mkwe alikuwa amekaa uani, amenipa mgongo kama zamani. Nilitamani kumwendea nimshike miguu, nikashindwa, maana hilo nalo lingekuwa kosa. Nikamtuma mke wangu, hatua kumi tu, amwambie kwamba namshukuru, kwamba nisingemwona mtoto wangu akikua, na kwamba naomba anisamehe.

Mke wangu alikawia kule. Aliporudi alikuwa anafuta macho na anacheka.

"Mayu anasema mbuzi amemwona," aliniambia, akimwita mama yake kwa Kisukuma. "Na anasema hivi: siku ukizidiwa tena, umtukane tu. Ataingia."