Maji ya Mdomoni

Juzi kwa jirani nilipewa maji ya mtungi yanayonukia ubani, nikashindwa kuyameza. Nilimkumbuka dada yangu, mkimbiaji wa shule yetu. Kila alfajiri mama alimpa funda moja la maji kama yale, naye akakimbia nalo mdomoni, mchangani mpaka ufuo wa Galu na kurudi, ili azoee kupumua kwa pua. Akifika nyumbani alilitema kwenye shina la mlimau wa uani, na mama akaridhika.

Asubuhi moja alirudi akitembea, mdomo mtupu.

"Umeyameza, mwanangu?"

"Nimeyatema njiani, mama. Pumzi hainitoshi."

"Basi pumzika. Utakimbia kesho."

Hakukimbia tena; usiku ule alikata roho.

Mlimau bado upo. Kila alfajiri mama hujaza maji mdomoni, huzunguka uani polepole, kisha huyatema pale pale shinani.