Santuri za Mzee Ukwaju

Iko siku moja, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake. Ulikuwa msimu wa karafuu, mikeka imetandazwa kila uwanja wa Wesha, jua la saa tisa linachoma kisogo, na mimi naingia kijijini kwa baiskeli nikimtangulia mtu ambaye hakuna aliyetaka aingie. Begani ana mfuko wa nguo, na ndani ya mfuko mna sahani moja ya santuri. Tulia nikuhadithie. Na hiyo simu iweke chini, haitakimbia.

Zilikuwa zile nyakati za mwanzo za vyama vingi. Nyinyi bendera mmezikuta zimeshachakaa. Sisi tulizikuta mpya, zikatutia wazimu. Mtu na jirani yake hawasalimiani. Duka hili la chama hiki, lile la chama kile, na ukiishiwa na kibiriti ni bora ukae na jiko baridi kuliko kununua kwa wale. Harusini hatwendeani, maiti hatuzikiani. Usidhani natia chumvi. Muulize yeyote wa rika langu, kama atakubali kukwambia.

Basi ukuta kwa ukuta na kwetu alikuwa akikaa Bi Mize, na mwanawe mmoja tu, Hamad, baharia wa meli za mizigo. Mwaka mmoja bei ya karafuu ilianguka vibaya, na Bi Mize mwenyewe ndiye aliyemwambia kijana aende baharini akatafute maisha. Hamad hakutaka sana. Akaenda kwa kumridhi mama yake.

Huko meli zilikompeleka akapata ugonjwa wa santuri. Si santuri za watu wote, la. Alimpenda mwimbaji mmoja tu wa Jamaika, wa ile rege ya mwanzo wa dansiholi, yaani ya kumbi za dansi, aliyejiita Tamarindi. Hakuwa mtu wa kujulikana. Hamad alituhadithia kwamba hata kwenye duka la Wajamaika wenyewe, kule Uingereza, muuzaji alimtazama mara mbili alipolitaja jina lile. Alimfahamisha mama yake kuwa tamarindi ni ukwaju, na tangu hapo nyumba nzima ikawa yule ni Ukwaju. Kila akija likizo, hakosi sahani mpya ya Ukwaju katikati ya nguo zake.

Lakini pale nyumbani hakuna aliyewahi kumsikia huyo Ukwaju. Baba yake, Mzee Shaame, hakutaka miziki. Alikuwa na mashine yake kubwa ya santuri kwa ajili ya visomo kutoka Misri na, tuambizane ukweli, kwa nyimbo za mapenzi za huko huko Misri, ambazo yeye hakuzihesabu kuwa miziki. Kwa hiyo Hamad akisikiliza kwa kimashine chake kidogo cha melini, kavaa vile visikio vikubwa vya kichwani, kalala kitandani, macho kayafumba. Bi Mize akipita na ufagio wake anamchungulia. Anajiuliza mwanangu huyu anasikia nini, kisha anaendelea kufagia.

Mzee Shaame akafariki. Haukupita muda ikaja habari nyingine, kwamba Hamad kapatwa na homa safarini, kafa, na kazikwa bandari ya mbali ambayo hata kuitamka hatukuweza. Lilirudi sanduku lake la nguo na zile sahani. Kile kimashine kidogo hakikurudi.

Msiba ulipokwisha, Bi Mize aliniita. Alikuwa ameifunua mashine ya marehemu mumewe na kuipangusa. Akanambia, "Kombo, njoo uniwashie. Nataka kusikia alichokuwa akikisikia mwanangu." Sahani zenyewe zilikuwa ndogo zenye tundu kubwa la kuingia kidole gumba, zikawa zinacheza kwenye msumari wa mashine. Nikachonga kipande cha kifuu, nikakitia katikati, zikakaa sawa.

Nikaweka sindano. Ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, ya kujikokota, kila neno analivuta kutoka chini kama anayepandisha ndoo kisimani. Ngoma yenyewe inatembea polepole, inasita, inatembea tena. Rege nilikuwa nikiisikia redioni, lakini ya namna hii sijapata, nikasema labda hii ndiyo ya wazee wao. Upande wa pili wa sahani ulikuwa na ngoma na besi tupu. Sauti inatokeza neno moja, inapotea, muda mrefu hamna mtu. Bi Mize akashika tama, akasema, "Hapa kachoka kulia." Tangu siku ile ndipo tukamwita Mzee Ukwaju.

Na tangu siku ile Bi Mize hakuwa na raha. Kila baada ya sala ya alasiri, umeme ukiwapo, anamweka Mzee Ukwaju na kumsikiliza kama anayesomewa hukumu. Aliniambia wazi kilichokuwa kikimla. Mwanawe alikuwa na huzuni kubwa moyoni, ndiyo maana katika nyimbo zote za dunia kazichagua hizi, na aliyempeleka kwenye huzuni hiyo ni yeye mama yake. Nikimwambia si hivyo, ananiuliza nimejuaje.

Alichotaka ni kuzipata sahani zote za mtu yule. Aliamini kwamba katika mojawapo huenda mzee kapoa, kapata nafuu, na kama kapata nafuu basi na Hamad alipata. Mimi nilikuwa mpagazi pale gatini, nabeba magunia, nawajua mabaharia wa kila chombo. Nikawa naagizia. Wengine walinicheka usoni. Mombasa nilikwenda mwenyewe, nikauliza maduka yote ya santuri, hakuna hata mmoja aliyemjua huyo Tamarindi. Sahani yake moja niliiona kwa mama ntilie, kaifunikia mtungi wa maji, na mama yule alinitaka kwanza nimletee kifuniko kingine. Nyingine ililetwa kutoka Tanga, ina mkwaruzo kutoka ukingoni mpaka katikati. Zote nilimpelekea Bi Mize, na katika zote mzee ni yule yule, anajikokota.

Mwanangu, wakati mwingine nilikuwa naishika sahani ile mkononi, naitazama kwenye mwanga wa dirisha, nastaajabu mpaka nywele zinanisimama. Kipande cha plastiki cheusi. Mtu kasimama nchi ya mbali akafungua kinywa mbele ya chuma, kwao wenyewe wakamsahau, na pumzi yake leo iko Wesha kwa Bi Mize aliyejitanda kanga, inamliza. Subhana Mola. Mpaka leo sijazoea jambo hilo, na sitaki kulizoea.

Ndipo baharia mmoja akanambia kwamba huko kijiji cha Vitongoji yuko mtu anaitwa Faki, aliwahi kusafiri meli moja na Hamad, na anayo sahani ya Ukwaju ambayo sisi hatuna. Nilijua hapo hapo kwamba mambo yameharibika, kwa sababu Faki alikuwa mtu wa chama kile kingine, tena si mfuasi wa nyuma, ni wa kusimama jukwaani. Wazee wa baraza yetu waliposikia walinionya. Ukionekana unaingia nyumbani kwa Faki, walisema, kahawa yetu usije kuinywa tena.

Nilimweleza Bi Mize yote hayo nikitaraji ataniambia niache. Alikuwa anachambua karafuu, vikonyo huku, karafuu huku. Hata kichwa hakuinua.

"Mimi namtafuta mwanangu, Kombo. Sitafuti kura."

Nikapiga moyo konde, nikapanda baiskeli. Faki nilimkuta nyumbani kwake, pande la mtu, kaufungua mlango nusu na kanisimamisha nje juani. Alitaka kujua nimetumwa na nani. Nilipolitaja jina la Hamad aliuachia mlango ukafunguka wote. Kisha akaniuliza kama mama yake Hamad yu hai. Nikamwambia yu hai, na nikamwambia na shida yake. Akaingia ndani, akatoka amevaa shati safi na mfuko begani, akaburura baiskeli yake. Nikatangulia, yeye nyuma.

Ndiyo hiyo siku ninayokwambia. Tulipopita barazani kwetu vikombe vilibaki hewani. Bi Mize alikuwa mlangoni. Faki akavua kofia, akaamkia, akaitikiwa. Halafu, bado kasimama kizingitini, akasema jambo ambalo mimi nilikuwa silijui.

"Mama, nilikuja kuhani siku ile ya msiba. Nilikuwa na habari za Hamad za kukupa. Wanaume wa hapa walinirudisha njiani."

Bi Mize alimtazama sana. Akamwambia, "Basi leo umefika. Ingia ukae."

Hakumwomba hata hiyo sahani mpya kwanza. Alitaka kumwonyesha jinsi anavyomsikiliza Mzee Ukwaju, akaniashiria niwashe. Sauti ikaanza kujikokota. Faki akaziba uso kwa viganja, mabega yakamtikisika, Bi Mize akadhani mgeni analia na yeye akaanza kutafuta ncha ya kanga. Kumbe Faki anajizuia asicheke, na asichoweza kukizuia kikamtoka.

"Mama, nisamehe. Yuno siye. Wala hakuna mzee hapa."

Akatufahamisha. Sahani kubwa, zile za visomo, huzunguka polepole, na hizi ndogo zatakiwa zizunguke kwa haraka zaidi. Mashine ya Mzee Shaame ilikuwa na kitufe cha kubadilisha mwendo, kiling'oka zamani, hata mwanya wake umejaa vumbi. Faki akatoa kisu kidogo mfukoni, akachokonoa, kitu kikalia ndani kwa sauti ndogo. Akairudisha sindano mwanzo.

Mwanangu, nisikilize vizuri hapa. Akatoka kijana. Kijana barobaro, sauti nyembamba, nyepesi, anarukaruka juu ya ngoma, anacheka katikati ya maneno, anajibizana na watu waliomzunguka nao wanacheka. Wimbo ni ule ule tulioulilia muda wote ule. Nilihisi mwili wote unanisisimka, na hata sasa nikikwambia, tazama mkono wangu. Bi Mize alikuwa kakaa kitako kwenye mkeka, mdomo wazi, hapepesi macho.

Upande wa pili, ule wa ngoma tupu, Faki alisema haukuwa wa kulia hata kidogo. Huachwa wazi makusudi ili mtu mwingine aseme yake juu yake. Na melini msemaji alikuwa Hamad. Kazi ikiisha, mabaharia wakikaa sitahani, Hamad akiuweka upande huo na kuanza kuwataja watu wa Wesha mmoja mmoja, na samaki wao, na vituko vyao, mpaka Wafilipino wasiojua neno la Kiswahili wakashika mbavu. Lakini kila siku alianza na la mama yake. Faki akageuza sahani, akasubiri ngoma ishike, na lile pande la mtu likafumba macho na kuimba:

"Teleka wali, Bi Mize, teleka,
meli imetia nanga, mwanao nimefika."

Bi Mize akajiziba mdomo kwa kanga. "Ananiita jina langu," alisema. "Hana adabu mwanangu." Anacheka, na machozi yanamshuka, na anamfanyia Faki ishara kwa mkono aendelee, aendelee. Wimbo ulipokwisha akasema taratibu, "Miaka yote hii nimemlilia mtu aliyekuwa akifurahi."

Akainuka. Akatoka nje, mimi nyuma yake, akavuka ule uwanja wa karafuu mpaka barazani walipokaa wanaume. Hakupaza sauti. Alisimama mbele yao, mwanamke mzima wa heshima zake, akawaambia, "Siku ile mlipomrudisha mtu huyu njiani, mlimrudisha na mwanangu." Mmoja wao alikuwa na kikombe mkononi na sikumwona akikinywa.

Sitakudanganya kwamba siku hiyo watu walikumbatiana. Wapo waliokwenda miaka mingi mbele bila ya kusalimiana, na mimi kahawa ile nilinyimwa kweli. Lakini Faki alimwachia Bi Mize ile sahani ya mfukoni, na kila Ijumaa alikuwa akija kuisikiliza naye, na Bi Mize akimtelekea wali, na aliishi mpaka uzee wake akimjua mwanawe alivyokuwa.

Haya, sasa wasia wangu. Ugomvi wa vyama utakuja tena, ama wa vyama ama wa kitu kingine, na watakwambia usiende kwa fulani na fulani asije kwako. Gombana nao majukwaani ukitaka. Lakini anayekuja kukuhani, au kukuzika, au kukuletea habari za mtu wako, usimsimamishe njiani hata siku moja, kwa sababu hujui kabeba nini na huenda hakuna mwingine duniani aliyekibeba. Na unayempenda, ukimwona kafumba macho anasikiliza kitu, weka ufagio chini ukae karibu yake, umwombe na wewe usikie, wakati bado yupo wa kukusikilizisha.

Mola akuzidishie watu wa kukuletea habari njema za walio mbali nawe, akupe na moyo wa kuwakaribisha ndani. Akuepushe na chuki za kurithishwa, na huzuni isiyokuwa na msingi asiiache ikakukalia hata siku moja. Amin.