Nyumba ya Wabeleji yenye sikununua

Tangu leo asubui niko na nyumba kubwa kule juu ya mulima, ila sina hata ufunguo.

Ni ile ya zamani ya Wabeleji, inauzishwa. Komisionere, dalali mwenye kuiuzisha, akaniuliza kama ninataka kuiona. Mimi, mupangaji wa vyumba viwili, nikajibu: «Twende.»

Nikatembea ndani mikono nyuma, nikigonga-gonga ukuta kama muntu mwenye kujua ukuta.

Kisha nikasimama ku barza, ziwa lote nyuma yangu. Akanipiga picha.

Nikaiweka ku statut ya simu yangu: «Mungu ni mwema.»

Hapo nilidanganya nani?

Saa sita shangazi yangu wa Moba akapiga simu, analia na furaha.

— Mutoto wangu, tumekubali.

— Mumekubali nini, Mama?

— Kuja kukaa kwako. Tumekwisha kupanda boti, sisi na watoto na mbuzi.

Nikafungua kinywa niseme ukweli. Nikasikia nyuma yake boti nzima inaimba wimbo wa shukrani. Nikafunga kinywa.

— Usihangaike na vitanda, akasema. Tunakuja na vyetu.

Wanafika kesho. Bibi yangu wa ndoa ananiita tu «Patron», bwana mukubwa.

Ninyi wote mulioandika «hongera» chini ya ile picha: nani ako na lupango, kiwanja chenye nafasi ya mbuzi?